Sitangazi Maiti Nisiyemwona

Kijijini kwetu, ndani ya kambi ya wakimbizi ya Nakivale, nchini Uganda, wako watu wazima wenye akili zao ambao mpaka leo wanaapa kwamba Joël wa Mama Marthe alikufa mwaka 2013. Waambie kwamba Joël anabeba magunia ya mahindi mtaa wa Nyamityobora, mjini Mbarara, na kwamba umeongea naye juzi; watakutazama kwa huruma, kama unavyomtazama mgonjwa wa homa anayezungumza na ukuta. Chuoni nilifundishwa chanzo cha vita na chanzo cha chuki, nikafanya mitihani, nikafaulu. Hakuna mwalimu aliyenieleza kwamba kijiji kizima kinaweza kumpenda kijana akiwa maiti na kumkataa akiwa hai.

Lakini ninayetaka kumsimulia si Joël. Ni Constantin, mtangazaji wetu, mtu ambaye nilimcheka tangu utoto wangu.

Constantin alikuwa mfupi, mwenye matege, na alivaa tai. Alivaa tai sokoni, alivaa tai kanisani, alivaa tai shambani akipalilia maharage, tai ile ile ya rangi ya damu ya mzee, akiitupa begani ili isiguse udongo. Kazi yake ilikuwa kutangaza. Alikuwa na kipaza sauti cha mkononi, kile ambacho sisi Wakongomani tunakiita megafoni, na betri zake alizianika juu ya bati kila asubuhi kama mtu anayeanika dagaa, akiamini kwamba jua linazirudishia nguvu. Mbuzi akipotea, mtoto akipotea, siku ya mgao wa chakula ikisogezwa, Constantin alipita njia zote kutoka kijijini kwetu mpaka soko la Base Camp, penye ofisi na zahanati, akitangaza kwa Kiswahili, kisha Kifuliiru, kisha Kinyamulenge, kisha Kifaransa. Kifaransa hakuna aliyekihitaji, lakini yeye alisema tangazo bila Kifaransa ni kama suruali bila zipu.

Na alikuwa na sharti moja. Hakutangaza jambo ambalo hakuliona kwa macho yake.

Mtu akimjia analia kwamba mbuzi wake amepotea, Constantin alimwambia, "Twende unionyeshe fasi mbuzi haiko," yaani mahali ambapo mbuzi hayupo.

"Papa Consta, utaona je kitu yenye haiko?"

"Njo kazi yangu ile. Twende."

Naye alikwenda kweli, akainama, akaishika kamba iliyokatika, akaunusa mti ambao mbuzi alifungwa, ndipo akawasha megafoni. Mama mmoja, Annonciata, alitaka kumkomoa mumewe aliyemkimbia kwa mwanamke mwingine, akamwomba Constantin atangaze kwamba amefariki.

"Mama Annonciata, bwana yako nilimuona jana Base Camp. Alikuwa anakunywa pombe."

"Kwangu alikufa!"

"Basi nionyeshe fasi alikufia."

"Hapa!" Annonciata akajipiga kifuani.

Constantin alimtazama kifuani kwa muda, kwa heshima zote, kisha akaondoka. Kesho yake kijiji kizima kilisikia: "Tangazo! Bwana ya Annonciata amekufa mu roho ya Annonciata. Fasi nimeiona. Mazishi haiko." Tulicheka mpaka tukalia. Lakini angalieni: mtu huyo akisema daraja limevunjika, hakuna aliyekwenda kuhakikisha. Tuliingia njia nyingine.

Mwaka 2012, vita vilipopamba moto tena huko Kivu, vilitufikia kwa simu. Pale Base Camp alikuwepo kijana aitwaye Déo, msemaji hodari, mwenye kibanda cha kuchaji simu. Ulimwachia simu yako asubuhi ikiwa imezima, ukaichukua jioni imejaa umeme, na imejaa pia hotuba ambazo hukuziomba. Hotuba za nani mwenye nchi na nani mgeni. Hotuba za kusafisha. Walianza vijana wachache kukutana Jumapili baada ya ibada nyuma ya kibanda chake, wakajiita Wana wa Udongo, na mwaka uliofuata walikuwa umati.

Mgeni waliyemlenga ni Mnyamulenge. Hawa ni wafugaji wa milima iliyo juu ya kwetu kule Kongo. Tulikimbia nao, tulipanda nao malori yale yale, tukapangiwa viwanja jirani. Upande wa pili wa bonde letu aliishi mmoja wao, Sebagabo, mwenye ng'ombe wachache, mke wake Nyirabizimana aliyeuza maziwa, watoto wao, na mama yake Kabanyana, kikongwe ambaye macho yake yalikuwa yameingia ukungu. Hebu fikirini! Sisi sote tulikuwa wageni katika nchi ya watu, tumepanga foleni moja ya unga, na bado tulipata nguvu ya kugombania nani ni mgeni zaidi katika nchi ambayo hata mmoja wetu hakuthubutu kurudi kulala.

Déo alipiga marufuku maziwa ya Nyirabizimana. Wanawake wakawa wanayabeba wameyaficha chini ya sombe, majani ya mihogo. Ndipo Déo akamtaka Constantin atangaze kwamba maziwa yale yana sumu. Constantin akaenda kwa Nyirabizimana, akaomba jagi zima, akalinywa, akakaa kando ya njia na tai yake akisubiri kufa. Watu wakamzunguka. Jua lilipoinama akasimama. "Tangazo! Nilikunywa. Sikufa. Iko tu tumbo inanguruma."

Vijana wa Déo hawakucheka. Hilo lingetosha kututisha, kama tungekuwa watu wa kutishika.

Halafu Joël akatoweka. Alikuwa mwana wa pekee wa Marthe, mjane, mama mpole ambaye hata akikugombeza unadhani anaomba radhi. Siku chache baadaye jezi ya njano ya Joël ilipatikana kwenye malisho ya Sebagabo, imepasuka, ina damu. Kufikia jioni hakuna aliyeuliza tena kama Joël ameuawa. Waliulizana tu ameuawa kwa panga au kwa mkuki.

Mimi siku hizo nilikuwa Mbarara masomoni. Yaliyotokea nyumbani kwa Constantin jioni ile niliyapata kwa waliosimama uani.

"Papa Consta," Déo alisema, "tangaza kambi yote isikie. Banyamulenge baliua Joël."

"Maiti iko wapi?"

"Si jezi yake hii?"

Constantin akaipokea, akaigeuza, akainusa. "Nimeona jezi. Kama unataka, nitatangaza kifo ya jezi."

"Unacheka mufu?"

"Mufu gani? Mimi sitangaze maiti yenye sijaona."

"Basi uko na bo, Banyamulenge."

"Niko na macho yangu."

Déo akamsogelea. "Kesho tutamuzika, utangaze usitangaze. Mwili haiko, tutazika mugomba. Na kiisha mazishi tutafika kwa Sebagabo kumusalimia. Tukitoka kule tutapita na kwako, Papa, tukusalimie na weye."

Kwa msomaji asiyeijua desturi yetu: mtu akifa mbali, mtoni au porini, na mwili wake usipopatikana, ndugu hukata shina la mgomba la urefu wake. Hulifunga nguo yake, hulilaza ndani ya nyumba, hulililia, kisha hulizika kama mtu. Ni desturi ya huruma, imewatuliza akina mama wengi waliopoteza watoto msituni. Lakini ina upande wake mwingine. Mgomba ukishazikwa, mtu yule amekwisha. Wazee husema ardhi imekula jina lake. Akitokea baadaye akiwa hai, hapaswi kuvuka kizingiti, kwa sababu ardhi itadai mwingine badala yake.

Kulipokucha Constantin alipanda bodaboda. Alinigongea mlango wangu pale Nyamityobora, tai shingoni, megafoni kwapani, vumbi mpaka kwenye kope.

"Weye umesoma," alisema bila hata kusalimu. "Nipeleke fasi banalalisha maiti."

Tulikwenda kwenye chumba cha maiti. Mhudumu alipotufungulia, Constantin alipita mmoja baada ya mwingine, akafunua kila uso, akautazama vizuri, akaufunika. Na kila mara alisema kwa sauti ya chini, "Pardon, nilikuwa natafuta mwingine." Joël hakuwepo. Nilimwambia basi twende polisi, tufuate utaratibu. Aliniangalia kama vile nimemwambia twende sinema. Alirudi Nyamityobora, akasimama katikati ya njia, mbele ya akina mama waliokuwa wakimenya matoke, akawasha megafoni.

"Tangazo! Natafuta maiti! Jina yake Joël, mwana wa Marthe. Ni murefu, iko na kovu juu ya jicho ya kushoto. Mwenye ameiona aseme!"

Nilitamani ardhi inimeze. Waendesha bodaboda walikuwa wameshika matumbo yao kwa kicheko. "Mzee, hiyo maiti yako natembea?" mmoja akapiga kelele. "Angalia ku bar!"

Ndipo mfanyabiashara wa nafaka aitwaye Nasuru akatoka dukani, kanzu yake imejaa vumbi la mahindi.

"Ssebo, mzee, zima hiyo kitu kwanza. Kovu iko hapa?" Akagusa juu ya jicho lake.

"Njo pale."

"Banange! Huyo maiti yako asubuhi amekula chapati zangu zote. Sharifah! Sharifah, toka uone, watu nakuja kuzika ule kijana wetu!"

Mke wake akatoka, akatazama tai, akatazama megafoni, akashika mdomo.

Stoo ilikuwa nyuma. Joël alikuwa amelala juu ya magunia, vipokea sauti masikioni, mguu mmoja juu ya mwingine. Yeye hakushtuka hata kidogo.

"Papa Consta! Nani alikuambia niko hapa?"

Constantin alimsogelea, akamshika kifundo cha mkono, akakiweka sikioni mwake kama saa. Alisikiliza. Kisha akamwachia.

"Jezi yako iko na damu," alisema.

"Ya kuku. Tulimukula na Déo." Joël akacheka. "Papa, usikasirike. Ni mambo ya kesi tu. Déo alisema mama mwenye mwana yake aliuawa mu kambi, ofisi ya wakimbizi haiwezi kumuacha. Banamupeleka Canada mbio. Akifika kule, kiisha mwaka moja, ataniita."

"Mama yako anajua?"

"Apana. Déo alisema asijue. Mama hajue kubeza, hajue kudanganya. Akienda ofisini lazima machozi ikuwe ya kweli."

Nilimuuliza kama anajua yale Constantin aliyonieleza njiani, kwamba mama yake amenyoa nywele, kwamba hajala. Akashusha macho, lakini uso wake ulikuwa na jambo jingine, na alipolisema nilitaka kumpiga.

"Najua. Banatuma ma message mu groupe ya simu. Hata benye tuligombana nabo banalia. Sikujuaka kama bananipenda vile."

"Na mapanga unajua?" Constantin akamuuliza.

"Mapanga ya nini?"

Constantin akamweleza kuhusu mgomba, na kuhusu ile "salamu" ya kupelekwa kwa Sebagabo baada ya mazishi. Nilimwona Joël akigeuka rangi. Alivua vile vitu masikioni. Alisema tu, "Lakini Nyirabizimana ananipatiaka maziwa bule," kisha akatafuta viatu vyake, akakosa, akatoka pekupeku.

Nasuru alikuwa amesimama mlangoni akisikiliza, na sidhani alielewa yote, lakini alielewa mapanga. "Pikapu iko," alisema. "Mimi nabeba nyinyi. Ingia, ingia!"

Barabarani Constantin alikaa kati yangu na dereva. Joël alikuwa nyuma, ameshika bodi kwa mikono miwili. Nilimuuliza Constantin kwa nini alikuwa na hakika kiasi kile. Alijibu akiangalia mbele, kwa sauti ya mtu anayetangaza mbuzi.

"Mimi balinizika ku Sange, kule Kongo. Mwaka 1996. Baliona kinga yangu, baiskeli, ku barabara, mwenye kinga haiko. Bakakata mugomba. Nilitoka mu pori kiisha miezi, yaya yangu, ndugu mukubwa, akanikuta mu njia, akanizuia na fimbo. Akasema, Constantin tulimuzika. Nikamuambia, yaya, ni mimi. Akasema, najua ni weye, lakini tulikuzika."

"Na mke wako?"

"Eliane? Alikuwa ameisha kuingia kwa nyumba ya yaya. Desturi. Alisimama ku mulango, akaniangalia vile unaangalia mvua ya mbali. Akafunga." Akainyoosha tai. "Batu banazika mufu na tai yake. Mimi balizika mugomba. Tai ikanibakia."

Nilikuwa nimemjua mtu huyu tangu utoto wangu. Nilikuwa nimemwigiza mbele ya wenzangu, nikitembea matege na kitambaa shingoni. Nasuru, ambaye hakuwa akimjua kabisa, aliondoa mkono kwenye usukani akamshika goti, akaendelea kuendesha.

Tulipofika Masha ng'ombe walikuwa wametanda barabarani, wale wenye pembe ndefu, wamesimama tu, na mchungaji wao hana haraka. Nasuru alipiga honi, akatukana, akabembeleza. Constantin alishuka na megafoni akawaomba ng'ombe wapishe, kwa Kinyamulenge. Siku nyingine ningecheka. Tulipoikaribia kambi, mwanamke aliyekuwa akichuma maharage kando ya njia alituambia amesikia ngoma za kilio kutoka kambini na kwamba zimekoma. Tulijua maana yake. Walikuwa wamekwisha kuzika.

Kaburi lilikuwa nyuma ya nyumba ya Marthe, udongo mbichi, msalaba wa mbao una jina. Umati ulijaa uwanja mpaka kwenye mihogo. Déo alikuwa amesimama juu ya kiti akihutubia. Polisi hawakuwepo, nani huita polisi kwenye mazishi? Upande wa pili wa bonde zilionekana nyumba za Sebagabo. Nyirabizimana alikuwa amekimbilia Base Camp na watoto. Sebagabo alibaki, kwa sababu mama yake Kabanyana alikataa kubebwa, akisema amekwisha kukimbia vya kutosha.

Pikapu ilisimama. Constantin akapanda juu ya bodi, akamsimamisha Joël pembeni yake, akawasha megafoni.

"Tangazo! Joël, mwana wa Marthe, iko muzima. Nimemuona. Nimemushika mukono. Huyu hapa."

Akarudia kwa Kifuliiru, kwa Kinyamulenge, kwa Kifaransa.

Nilingojea kelele za furaha. Nakiri kabisa nilikuwa nimeshaiandaa mikono ya kumbeba. Badala yake niliona watu wanarudi nyuma. Vijana waliocheza naye mpira tangu wakiwa wadogo, waliokuwa wamevaa jina lake kwenye vitambaa vyeusi mikononi, walirudi nyuma hatua kwa hatua kama mbele yao pana nyoka.

"Mufu iko mu shimo!" Déo akasema. Sauti yake haikutetemeka hata chembe, yeye aliyekula kuku yule! "Tulizika wote, muliona. Sasa Papa Consta ametoka Mbarara na Joël mwingine. Nani amemupa? Banyamulenge banaweza kutengeneza kila kitu."

"Déo, ni mimi," Joël alisema. "Si weye njo ulinipeleka?"

"Asishuke!" mzee mmoja akapiga kelele. "Ardhi imeisha kula jina yake! Akikanyaga hapa atatuletea kifo ingine!"

Bonge la udongo likarushwa, likampiga Joël begani. Lilitoka upande wa wanakwaya. Nilipaza sauti, nikawauliza kama wamerukwa na akili, kama hawamwoni. Hakuna aliyegeuza hata kichwa. Walimwona. Hilo ndilo lililonitisha. Hapakuwa na hata mmoja aliyedanganyika.

Marthe alikuwa ameketi chini kwenye mkeka kati ya wanawake, kichwa kimenyolewa. Alinyanyuka polepole. Wakampisha. Alikuja mpaka kwenye pikapu, akamtazama mwanawe kutoka miguuni kwenda juu.

"Ulikuwa wapi?"

"Mbarara, mama."

"Ulijua ninalia?"

"Nilijua."

Hakumpiga, hakumkumbatia. Aligeuka, akarudi kwenye kaburi, akapiga magoti, akaanza kuufukua udongo kwa mikono.

"Mama Joël! Weye! Ile ni kaburi!" wanawake wakapiga kelele.

"Ni shamba yangu," Marthe alisema. "Mulipanda mugomba mu shamba yangu. Ninaung'oa."

Hakuna aliyemsaidia isipokuwa Constantin. Aliitupa tai begani, akachukua jembe. Udongo ulikuwa bado laini. Walipolivuta shina nje, Marthe alilifungua kitenge chake walicholifungia, akakipangusa, akakikunja vizuri, akakitia kwapani. Kisha akalisukuma lile shina lenye utomvu mpaka miguuni pa Déo.

"Ulisema huyu ni mwana yangu," alimwambia. "Unataka kwenda naye kwa Sebagabo? Basi mubebe. Usimuache hapa."

Nilidhani mambo yamekwisha. Mtu yeyote mwenye akili angedhani yamekwisha. Uongo ulikuwa umelala juani mbele ya macho ya watu wote, mbichi, wa kijani. Lakini Déo alishuka kitini, akatazama umati wake, akaona kwamba akinyamaza sasa amekwisha yeye.

"Mubebe!" akasema.

Na wakalibeba. Ninaandika hili na bado mkono unakataa. Vijana sita waliinama, wakaliinua shina la mgomba mabegani, wakaanza kuimba ule wimbo wao wa udongo, wakashika njia ya kuteremka bondeni, mapanga mikononi, huku Joël mzima akiwa amesimama juu ya pikapu anawatazama. Umati ukawafuata.

Constantin alikimbia kando yao na matege yake. "Tangazo! Hii ni mugomba! Nimeiona! Ce n'est qu'un bananier!" Alirudia kwa lugha zote, mara kwa mara, betri zikikoroma. Mmoja alimpiga teke, akaanguka, akainuka, akaendelea. Na kwa kweli watu walianza kupungua. Mmoja alikumbuka mbuzi wake, mwingine alijifanya anafunga kamba ya kiatu. Tulipovuka kijito walibaki wale wabebaji, Déo, na labda thelathini wengine. Thelathini wanatosha kuchoma nyumba.

Sebagabo alikuwa amesimama mlangoni pa zizi na fimbo yake ya kuchungia, peke yake. Kabanyana alikuwa ameketi nje juu ya ngozi. Hakuyaona mapanga. Alisikia hatua. Hatua za watu waliobeba mzigo wa maiti zinajulikana hata kwa kipofu: nzito, za pamoja, zinazosita kwenye mteremko. Kikongwe yule alijivuta akapiga magoti, akavua kilemba chake, akaanza kulia kilio cha msiba, kile cha zamani, kwa sauti iliyoufanya wimbo wa vijana ukatike katikati.

Aliuliza jambo kwa Kinyamulenge. Constantin, bila kuombwa na mtu, alinyanyua megafoni akatafsiri.

"Anasema: mumulete karibu amulilie. Ni mwana ya nani?"

Nyuma yetu Marthe alikuwa anafika, anahema, amemshika Joël ukosi kama mtoto mwizi.

"Ni wangu, Mama," alisema.

Alimpigisha Joël magoti mbele ya Kabanyana. Akaichukua mikono ya kikongwe, akaiweka juu ya uso wa mwanawe. Vidole vile vilipita kwenye paji, vikasimama kwenye kovu, vikashuka puani, vikakaa mdomoni. Kilio kikakoma. Alisema neno moja.

"Iko na moto," Constantin akatafsiri.

Kabanyana alibaki na mkono wake kwenye shavu la Joël. Aligeuzia sikio upande wa wale vijana sita, akasikiliza kuhema kwao, akauliza tena, si kwa hasira, kama mtu anayetaka tu kujua. Constantin alilitangaza swali lake kwa Kiswahili, kwa Kifuliiru, kwa Kifaransa.

"Anauliza: basi hawa banabeba nini?"

Panga moja liliwekwa chini kwenye majani, taratibu, na mwenyewe akaondoka bila kuaga. Déo akapita katikati yao akarudi njia tuliyojia. Wale sita walibaki pale na shina lao mabegani, utomvu ukiwachuruzika shingoni, mmoja akimtazama mwingine, kila mmoja akingoja mwenzake aanze kulitua.